Namna ya kulinganisha gemu za bunduki za mtandaoni ukiwa Malindi

Mchezaji wa Malindi anayetaka kuchagua kati ya Counter-Strike 2 na Valorant, au kati ya Call of Duty na Battlefield, hukutana na maoni mengi yaliyoandikwa na watu wa London, Seoul au Los Angeles, ambao seva za michezo hiyo, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, zimo mjini mwao au katika mji wa jirani. Maoni hayo yanaweza kuwa sahihi kabisa kwa walioyaandika na bado yasimfae mtu anayecheza akiwa Maweni au Barani. Picha, bunduki na ramani ni zile zile popote, ila pambano lenyewe hutegemea muda ambao kitendo chako kinachukua kufika kwenye seva na jibu kurudi, na muda huo haufanani baina ya miji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima mwenyewe, kwa vifaa ulivyo navyo, na unahusu kucheza na watu wengine tu. Hadithi za gemu hizo na uzuri wa michoro yake ni mambo ya kujadiliwa kwingine.

Chagua wapinzani wa kweli

Kosa la kwanza katika malinganisho mengi ni kupambanisha gemu zisizofanya kazi moja. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki juu ya gemu ya Half-Life, ina timu mbili za watu watano, na atakayekufa husubiri raundi inayofuata. Valorant ya kampuni ya Riot, iliyotoka Juni 2020, imejengwa juu ya muundo huo huo na kuongeza wahusika wenye uwezo maalumu. Hawa wawili ni wapinzani halisi, na Rainbow Six Siege, iliyotoka mwaka 2015, inaweza kukaa nao meza moja ingawa kuta zake zinabomoka. Call of Duty na Battlefield ni ukoo mwingine: mchezaji akifa hurudi uwanjani baada ya sekunde chache, tofauti kubwa ikiwa ni kwamba mechi za kawaida za Call of Duty huwa na watu sita kwa sita katika ramani ndogo, na Battlefield huweka watu 64 katika uwanja wenye vifaru na ndege, idadi ambayo toleo la mwaka 2021 lilijaribu kuifikisha 128. Apex Legends na Warzone ni ukoo wa tatu, wa vikosi vingi vinavyogombea kubaki vya mwisho. Kwa wanaotumia simu, ambao nadhani ndio wengi pwani yetu, Call of Duty: Mobile ya mwaka 2019 hulinganishwa vyema na Standoff 2, mradi upime mechi za watu watano kwa watano na si zile za watu mia.

Chukua gemu mbili, zisizidi tatu, kutoka ukoo mmoja. Ukizidisha hapo utachoka kabla ya kupata takwimu za maana.

Sawazisha mizani

Anayepima changu kwa mzani mmoja na tafi kwa mzani mwingine hawezi kusema samaki gani ni mzito. Tumia kifaa kile kile, mtandao ule ule, na saa ile ile ya siku kwa gemu zote unazolinganisha. Kama unaweza kuunganisha kompyuta na ruta kwa kebo, fanya hivyo, kwa sababu waifai ya nyumba yenye kuta nene za matumbawe, kama zile za mitaa ya zamani ya Shela, hupungua nguvu kila ikivuka ukuta, na utailaumu gemu kwa kosa la ukuta. Waombe walio nyumbani wasitazame video wakati unapima, au upime wakati wamelala. Simamisha masasisho yanayopakuliwa kwa siri nyuma ya skrini. Hayo peke yake yanatosha kuharibu jioni nzima ya vipimo.

Joto nalo lina hila yake. Simu inayochezwa mchana wa Februari, kaskazi ikivuma na chumba hakina feni, hupunguza kasi ya kichakataji chake ili isiungue, na picha huanza kukatika. Mchezaji husema mtandao umekwama ilhali mtandao uko salama. Njia ya kutofautisha ni rahisi: washa takwimu za gemu zinazoonyesha idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde, pamoja na pingi, yaani ule muda wa kwenda kwenye seva na kurudi. Fremu zikishuka na pingi ikabaki pale pale, tatizo ni joto au kifaa; pingi ikipanda na fremu zikatulia, tatizo ni njia ya mtandao.

Umbali kwanza

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi, kwa kuwa umbali ndio unaoamua mengine yote. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia huongeza karibu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka Malindi hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, hadi Mumbai ni karibu 4,400, na hadi Frankfurt ni karibu 6,600. Maana yake ni kwamba hata kama waya ungepita moja kwa moja bila kona, pingi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 29 kwa Johannesburg, 44 kwa Mumbai na 66 kwa Frankfurt. Nyaya hazinyooki namna hiyo. Hutoka Mombasa, zikapita chini ya bahari kuelekea kusini au kaskazini, zikizunguka pwani za nchi kadhaa, na vituo vya njiani huongeza vyake, hivyo takwimu utakazoziona zitakuwa juu zaidi, na wakati mwingine maradufu.

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu gemu yoyote, basi, ni seva yake iliyo karibu nawe iko wapi, na kama gemu itakuruhusu kuichagua. Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg, na katika mipangilio yake kuna kiwango cha juu cha pingi unachokubali wakati wa kutafutiwa mechi; ukikiweka chini, haitakutupa mbali, ila utasubiri zaidi. Apex Legends huonyesha orodha ya vituo vya data kwenye skrini ya mwanzo, kila kimoja na pingi yake pamoja na asilimia ya paketi, yaani vipande vya data, zinazopotea, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu orodha hiyo imefichwa nyuma ya kitufe kidogo. Valorant huonyesha pingi ya seva zilizo katika kanda ya akaunti yako kabla hujaingia kwenye foleni. Call of Duty hukuchagulia yenyewe, na huko huna budi kutazama takwimu mechi ikiendelea.

Usiridhike na wastani. Pingi ya 90 inayotulia huchezeka, kwa sababu mkono na jicho huizoea. Pingi inayorukaruka kati ya 60 na 180 haizoeleki hata kidogo, ingawa wastani wake unaweza kuonekana mzuri. Andika cha chini kabisa na cha juu kabisa katika kila mechi, kisha andika ile uliyoiona mara nyingi. Kama kompyuta yako ni ya Windows, fungua dirisha la amri uandike tracert ikifuatiwa na anwani ya seva au ya tovuti iliyo katika nchi ile, nawe utaona vituo ambavyo data yako inapitia. Usishangae kuona safari ya kwenda Johannesburg ikianzia Nairobi, au hata ikipita Ulaya. Hilo likitokea, kubadilisha kampuni ya intaneti kunaweza kukufaa kuliko kubadilisha gemu.

Kuna siku ambazo hazifai kupima kabisa. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Aliyelinganisha gemu katika siku hizo alipima hali ya nyaya tu. Kwa sababu hiyo rudia vipimo katika wiki mbili tofauti kabla ya kutoa hukumu. Wanaocheza kisiwani Lamu kwa huduma ya setilaiti ya Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, nao wazingatie kwamba pingi ya setilaiti hubadilika kila chombo kinapopokezana na kingine angani. Wao wapime mechi nyingi zaidi.

Seva inafanya nini na risasi yako

Baada ya umbali huja kasi ya seva yenyewe, ambayo wachezaji huiita tiki. Seva ya Valorant husasisha hali ya uwanja mara 128 kwa sekunde, yaani takriban kila milisekunde 8. Counter-Strike 2, tangu ilipotoka Septemba 2023, hutumia tiki 64 lakini hurekodi pia wakati halisi wa kila mfyatuo ndani ya tiki. Apex Legends hutumia tiki 20, yaani kila milisekunde 50, na watengenezaji wake walieleza hadharani mwaka 2021 kwamba hawaoni faida ya kupandisha inalingana na gharama yake. Takwimu hizi hupendwa sana na wabishi, lakini mtu aliye na pingi ya 120 hataona tofauti kubwa kati ya tiki 64 na 128, kwa kuwa milisekunde 8 anazookoa zinamezwa na umbali. Tiki ni jambo la kuangalia pale tu ambapo pingi za gemu mbili zinakaribiana.

Kilicho muhimu zaidi kwetu ni namna gemu inavyomfidia mtu wa mbali. Tangu QuakeWorld ya mwaka 1996, kompyuta ya mchezaji hutabiri mwendo wake bila kusubiri seva, na baadaye seva nazo zikafundishwa kurudisha wakati nyuma kidogo, ili zione adui alikuwa wapi kwenye skrini yako ulipofyatua. Bila fidia hiyo ungelazimika kulenga mbele ya kila adui anayekimbia. Bei yake ni kwamba utauawa ukiwa tayari umejificha nyuma ya ukuta, kwa sababu kwenye skrini ya aliyekupiga bado ulikuwa wazi. Kila gemu ina mipaka yake ya fidia, na ndiyo maana vifo vya nyuma ya ukuta ni kipimo kizuri: rekodi mechi tano za kila gemu, kisha uzipitie taratibu na kuhesabu vifo vya namna hiyo.

Rekodi hizo zitakupa kipimo kingine. Video ya fremu 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 17 kati ya fremu moja na nyingine. Tafuta fremu ambamo bunduki yako ilitoa moto, kisha hesabu hadi adui alipoanguka au uhai wake uliposhuka. Fremu sita ni karibu milisekunde 100. Usihesabu hadi alama ya shabaha, ile inayokuambia kwamba risasi imempata adui, kwa maana baadhi ya gemu huionyesha kwa kutabiri kabla seva haijakubali. Vilevile fanya jaribio hili katika mechi za seva rasmi, si katika mechi ya faragha na rafiki, kwani katika baadhi ya gemu mechi ya faragha huendeshwa na kompyuta ya mmoja wenu, na matokeo yatakuwa mazuri mno kuaminiwa.

Jambo ambalo maoni ya ng'ambo hayaligusii ni kwamba pingi ile ile haiumizi sawa katika kila gemu. Katika Counter-Strike risasi moja ya AK-47 kichwani huua hata aliyevaa kofia ya chuma. Bunduki ya Vandal katika Valorant hufanya hivyo kwa umbali wowote. Siege ndiyo kali kuliko zote, kwani takriban bunduki yoyote ikigusa kichwa, umekwisha. Katika gemu hizo anayejitokeza kwenye kona humwona anayeilinda kabla ya kuonekana, na pengo hilo hupanuka kadiri pingi za wawili hao zinavyoongezeka. Apex, ambayo mpiganaji ana uhai pamoja na ngao inayohitaji risasi nyingi kuvunjwa, humsamehe mchelewaji, na Battlefield humsamehe zaidi akichagua kuendesha gari au kutibu wenzake. Hukumu yangu ni kwamba ukiwa chini ya milisekunde 80 chagua gemu yoyote upendayo. Kati ya 80 na 130 cheza gemu za kimbinu, yaani Counter-Strike, Valorant na Siege, ukiwa mshambuliaji zaidi kuliko mlinzi. Ukizidi hapo, nenda kwenye gemu zenye uhai mwingi.

Foleni, saa na watu

Seva ya karibu isiyo na wachezaji haina faida. Pima muda kuanzia unapobonyeza kitufe cha kutafuta mechi hadi mechi ianze, na ufanye hivyo katika saa tofauti. Tuko mbele ya Johannesburg kwa saa moja, hivyo saa tatu usiku ya Malindi ni saa mbili usiku kwao, wakati ambao watu wamekwisha kula na wamekaa kucheza. Mumbai kwa wakati huo ni saa tano na nusu usiku, na Frankfurt ni saa moja jioni katika majira ya baridi au saa mbili usiku katika majira ya joto. Baada ya saa sita usiku wa kwetu, seva za kusini huanza kupwaya na gemu huanza kukupeleka mbali. Wakati wa Ramadhani, wengi wetu tunapocheza baada ya tarawehe hadi karibu na daku, vipimo vya mwezi huo vitatofautiana na vya miezi mingine na visichanganywe navyo.

Chunguza pia kama unaocheza nao ni watu. Call of Duty: Mobile huwapangia wachezaji wapya mashine zinazojifanya watu, na mchezaji hujiona bingwa mpaka apande daraja. Usianze kuandika takwimu kabla ya kuvuka kipindi hicho.

Kuhusu wadanganyifu sitasema mengi. Vanguard, programu ya Valorant ya kuzuia udanganyifu, huanza kazi pamoja na kompyuta yenyewe na kukaa ndani kabisa ya mfumo, na katika Windows 11 hudai mipangilio ya usalama ambayo mashine kuukuu hazina. Battlefield 6 nayo hudai mipangilio kama hiyo. Ukichezea kwenye saiba, muulize mwenye duka kwanza, maana hutaweza kuisakinisha bila ruhusa yake. Counter-Strike 2 ni nyepesi kwa upande huo, lakini asiyenunua hadhi ya Prime hukutana na wadanganyifu zaidi na hafiki kwenye mashindano ya Premier.

Maiki nayo ipimwe. Katika gemu ya watu watano, taarifa ya mwenzako kwamba adui yuko nyuma ya ghala ina thamani kuliko milisekunde 10 za pingi, na taarifa hiyo hufika haraka zaidi katika lugha ambayo mmezoea kugombania nayo. Kikosi cha vijana watano wa Malindi na Watamu wanaosemezana kwa Kiswahili kitawashinda watano wenye vidole vyepesi wasioelewana. Gemu inayokurahisishia kuingia na kikosi kizima, na kumnyamazisha mtusi kwa kubonyeza mara moja, ipewe alama zake.

Urefu wa mechi, umeme na bando

Mechi ya Premier ya Counter-Strike 2 huchukuliwa na timu inayoshinda raundi 13, na Valorant vilevile, kwa hiyo mechi inayokaribiana inaweza kuchukua dakika 40. Umeme ukikatika katikati, unawaacha wenzako wanne na unafungiwa kucheza kwa muda. Mechi ya Call of Duty kwa kawaida haivuki dakika 10. Kama mtaa wako hukatiwa umeme mara kwa mara na ruta haina betri ya akiba, urefu wa mechi ni kigezo kikubwa kuliko tiki, na aina fupi kama Swiftplay ya Valorant zitakufaa zaidi ya mechi kamili.

Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Kinachokula ni kupakua na kusasisha. Call of Duty ya kompyuta na konsoli huchukua zaidi ya gigabaiti 100, na Counter-Strike 2 huomba nafasi ya gigabaiti 85. Kwenye PlayStation, gemu za bure kama Warzone na Apex huchezwa mtandaoni bila ada ya PlayStation Plus, ilhali zile za kununua huihitaji, na ada hiyo iingizwe kwenye hesabu ya mwaka.

Mwishoni utakuwa na daftari lenye tarehe, saa, seva, pingi ya chini na ya juu, muda wa foleni, vifo vya nyuma ya ukuta na urefu wa mechi. Kwa mwenye kompyuta na intaneti ya waya hapa mjini, ningeanza na Counter-Strike 2 kwa ajili ya Johannesburg; kwa mwenye simu, Call of Duty: Mobile kwa ajili ya mechi fupi na wingi wa wachezaji. Daftari lako likisema vinginevyo, lifuate. Pima tena unapobadilisha kampuni ya intaneti au gemu inapoanza msimu mpya wenye sasisho kubwa, na kwa ajili hiyo usiifute gemu iliyoshindwa: ihifadhi kwenye diski ya nje, Steam ina njia yake ya kuhifadhi nakala, ili siku ya kuirudia upakue sasisho tu badala ya kuanza upya.